Hii shaba ilitoka wapi?

Mjomba wangu ana kidole kimoja hakina ukucha. Kiliungua na alumini kabla mimi sijazaliwa, na ndicho hicho alichotumia kuikuza picha kwenye simu yangu, anaivuta huku, anaivuta kule, masizi yakabaki kwenye kioo.

Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa uwani kwake pale Kongowea nasubiri sufuria ya mama iliyotoboka itiwe kiraka, na kwa vile sikuwa na la kufanya nikaona nimuonyeshe kitu. Picha yenyewe ilikuwa ya kichwa cha shaba cha Oba wa Benin, kile chenye shanga za marijani zimepandana shingoni mpaka karibu zinameza kidevu, bila shaka mshakiona. Nilitarajia aseme mashallah. Au aulize huyu ni mfalme gani.

Akakaa kimya. Akaigeuza simu kama vile ataona kisogo.

"Hii ni ya kusubu," akasema.

"Eeh."

"Na si ya mchanga. Ya nta hii."

"Umejuaje?"

"Mshono uko wapi?"

Yeye sufuria zake anazisubu kwa mchanga, boksi mbili za mchanga zinafungwa pamoja, alumini inamiminwa ndani, na pale boksi zinapokutana lazima pabaki kimstari, ambacho baadaye kijana wake anakila kwa tupa. Kile kichwa hakikuwa na mstari popote. Nimezitazama hizo picha miaka na miaka na hilo sijawahi kuliona.

Akanirudishia simu, akapangusa mkono kwenye kikoi. "Huko kwao kuna mgodi wa kopa?"

"Sijui mjomba."

"Sasa hii shaba ilitoka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Posti yangu

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimeposti kichwa hichohicho na maneno mawili tu chini yake: "Warudishe vyetu." Ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, watu wa Dar, wa Nairobi, wa Goma, kuna jamaa yuko Muscat, wote tuko pamoja, wote tumekasirika, na mimi usiku ule nikalala usingizi mtamu kama mtu aliyefanya kazi.

Hadithi ya 1897 siirudii yote, mnaijua. Niseme tu kwa wale wanaochanganya kila siku: Benin hii si ile nchi jirani ya Togo. Ni ufalme wa Waedo, mji wake Benin City uko kusini mwa Nigeria mpaka leo, na Oba yupo mpaka leo. Februari ya mwaka ule jeshi la Uingereza liliingia mjini, mji ukaungua, vitu kwa maelfu vikabebwa kutoka jumba la mfalme, na Oba Ovonramwen akapelekwa Calabar, huko ndiko alikofia 1914. British Museum peke yake imekalia zaidi ya vitu 900 vya Benin na ukiwauliza wanakuonyesha sheria yao ya 1963 inayowakataza kutoa mali ya makumbusho.

Hapo sina shaka yoyote na sikuwahi kuwa nayo. Kilichoninyima raha ni kwamba mjomba hakuuliza nani aliiba. Hilo kwake halikuwa hata swali.

Swali la askari

Inabidi muelewe kwamba kwake "ilitoka wapi" si udadisi wa bure. Yeye mwenyewe anaulizwa kila mara. Huku Kenya kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, ukinunua lazima uandike umenunua nini, kwa nani, na 2022 serikali ilipofunga biashara yote ya skrap kwa sababu ya watu waliokuwa wanakata milingoti ya umeme, mjomba alikaa miezi anauza sufuria za zamani alizokuwa ameziweka ndani, na zilipoisha akakaa tu.

Kabla ya hapo kuna siku askari walikuja wakakuta kwake brasi za mita za maji. Alizinunua kwa kijana fulani, bei nzuri, hakuuliza. Akalala ndani siku mbili. Tangu siku hiyo ukimletea kitu cha shaba, hata kiwe kufuli la marehemu nyanya yako, kabla hajaitikia salamu vizuri atakuuliza ilitoka wapi.

Kwa hiyo alipoiona ile shaba yote kwenye simu yangu aliuliza alichozoea kuuliza. Ni mimi niliyeona ni kichekesho.

Mle kwenye matatu nikiwa nimepakata sufuria ya mama ndipo kicheko kilipoanza kuniishia. Nimekitazama kile kichwa nikaona mfalme, nikaona wizi, nikaona Afrika yote na hasira zake. Sikuwahi kuona kilo.

Bangili

Nikaanza kusoma usiku.

Kwanza nikapata cha kunifurahisha. Wareno walipofika Benin miaka ya 1480 walikuta watu washasubu zamani, na hili lazima lisemwe kwa sauti kwa sababu kuna wazungu walioviona vile vitu wakaapa kwamba mkono mweusi haukuvifanya. Waedo wenyewe wanasimulia kwamba ufundi uliletwa kutoka mji wa Ife enzi za Oba Oguola, na fundi wa kwanza wanamtaja kwa jina, Igueghae. Alafu kuna Igbo-Ukwu, upande wa pili wa mto Niger, vyombo vya shaba vya karne ya 9 hivi. Kuna chungu kimoja cha hapo kimezungukwa na wavu wa kamba, una mafundo yake yote, na wavu wenyewe ni shaba. Kamba za shaba! Niliitazama hiyo picha mpaka chai ikapoa. Huyo Mreno babu wa babu yake hajazaliwa.

(Kingine: Waingereza wanaviita vya bronzi, yaani kopa na bati, lakini vingi vya Benin ni brasi, kopa na zinki. Kiswahili hapa kimepumzika zake, vyote ni shaba.)

Shida ni kwamba kabla ya meli, madini hayo yalikuwa haba, yanakuja kwa njia za mbali, jangwani. Na inaonekana kwenye kazi. Wataalamu wanasema vichwa vinavyohesabiwa kuwa vya zamani ni vyembamba, ngozi tu ya shaba, halafu kadiri miaka inavyokwenda vinanenepa, vinakuwa vikubwa, vizito, shanga zinapanda mpaka mdomoni. Kumbe kile nilichokiposti mimi kilikuwa cha hao wanene. Nilipomsimulia mjomba akatikisa kichwa: "Vile vyembamba ndio kazi. Shaba ikiwa nene inajaa yenyewe, ikiwa nyembamba inaganda njiani." Unenepaji ule mimi nilikuwa nauona utukufu, yeye akauona ulegevu.

Sasa kilichowanenepesha.

Meli za Wareno zilileta bangili. Manila zinaitwa, zimepinda kama kiatu cha farasi, ncha zake zimetanuka kidogo. Zilikuwa pesa, na mafundi wa Benin wakawa wanaziyeyusha. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya kupima bangili 67, nyingine zimetolewa kwenye meli zilizozama Atlantiki, wakalinganisha madini yake na ya vichwa na vibao vya Benin, na zile za mwanzo zikaonekana zimetoka bonde la mto Rhine, Ujerumani. Yaani Wajerumani walipobeba vile vitu kuvirudisha Abuja mwisho wa 2022, sehemu ya shaba ile ilikuwa imeshapita kwao mara mbili. Hapo nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Alafu nikafika kwenye bei.

Kuna Mreno anaitwa Duarte Pacheco Pereira, alifika Benin mwenyewe, akaandika mwanzoni mwa karne ya 16. Anasema Benin inapigana na jirani zake, inateka watu, na wao Wareno wanawanunua mateka hao kwa bangili 12 au 15.

Mtu mmoja.

Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena nione kama nimekosea. Nilianza kuhesabu, ujinga tu, kichwa kimoja kizito kinaweza kula bangili ngapi. Niliacha katikati.

Najua mtakachosema kwa sababu nimejiambia yote. Kwamba Benin iliuza pia pilipili, na pembe, na nguo. Kwamba si kila bangili ililipia mtu. Kwamba kwa muda mrefu katika karne ya 16 na ya 17 maoba walikataza kuuza wanaume nje ya nchi, jambo ambalo wafalme wengi wa pwani ile hawakulifanya. Ni kweli yote na mimi niliyakumbatia kama mtu anayezama. Lakini ukishatia bangili mia kwenye tanuri moja hakuna fundi duniani wa kukwambia ipi ilikuwa ya pilipili.

Kuna kibao kimoja, vile vilivyokuwa vimepigiliwa kwenye nguzo za jumba la Oba, kina Mreno amesimama, nywele ndefu, na pembeni yake bangili. Fikiria huyo fundi. Ameyeyusha bangili, amekaa na nta yake anatengeneza sura ya mtu aliyezileta, halafu na bangili zenyewe anaziweka pale, moja moja, kwa mkono. Alikuwa anajua anachokifanya. Hakuficha kitu. Sisi ndio tulikuwa tunaangalia nywele.

Wa New York

Mwaka 2022 Smithsonian ya Marekani iliporudisha vitu 29, kuna kikundi cha New York kinaitwa Restitution Study Group kilikwenda mahakamani kuzuia. Ni watoto wa watoto wa waliouzwa. Hoja yao fupi: shaba hii ni bei ya babu zetu, mkiirudisha kwa warithi wa waliouza mtakuwa mmewalipa mara ya pili. Mahakama haikuwasikiliza.

Mara ya kwanza kuisoma hiyo habari nilikasirika. Nikasema na nyinyi tena, mnawasaidia wazungu kufunga kabati? Nikaandika hata maoni makali mahali fulani.

Nimerudi kuyafuta.

Sijasema wako sawa. Bado naona vile vitu vilipaswa kurudi, jumba liliporwa na mwenye jumba akahamishwa, na hakuna hesabu ya bangili itakayomgeuza mwanajeshi wa 1897 kuwa mwenye mali, wala hakuja kumkomboa mtu yeyote. Ila ile hasira yangu ya kuona hawa ni wasaliti imekwisha, na ilipokwisha ilichukua na neno moja kwenye posti yangu.

"Vyetu."

Vya nani hasa

Kwa sababu angalia vinavyorudi vinakwenda wapi. Vilianza kidogo kidogo, Oktoba 2021 chuo kimoja cha Cambridge kikarudisha jogoo wa shaba, kesho yake Aberdeen wakarudisha kichwa, mwaka uliofuata Wajerumani, na 2025 Waholanzi vitu 119. Na katikati ya hapo, Machi 2023, rais Buhari anakaribia kuondoka madarakani akatoa agizo kwamba vitu hivyo vikirudi mwenyewe ni Oba. Ewuare wa Pili. Si serikali, si makumbusho. Oba.

Watu walipiga kelele Ulaya na hata Nigeria. Mimi pia nilinuna, nikasema tumepigania vyetu kumbe ni vya mzee mmoja? Na kelele hazijaisha, Novemba 2025 makumbusho mapya pale Benin City yalikuwa yanajiandaa kufungua milango, waandamanaji walio upande wa jumba la Oba wakaingia, wageni wakaondolewa, ufunguzi ukaahirishwa.

Lakini tukubaliane, vile vitu vilikuwa vya nani siku zote? Mafundi walikuwa wa chama kimoja, Igun Eronmwon, mtaa wao Igun upo na unafanya kazi mpaka leo, ukoo kwa ukoo, na shaba walimsubia Oba. Bila ruhusa yake fundi hagusi. Oba akifa, mwanawe anaagiza kichwa, kinawekwa kwenye madhabahu ya marehemu, na utosini kina tundu, linasimikwa pembe zima la ndovu lililochongwa. Mtu wa kawaida wa Benin, muuza viazi vikuu, hakuwa na cha shaba cha hivyo nyumbani kwake wala hakutarajia. Ndio maana ya kitu cha kifalme: kazi yake ni wewe usiwe nacho.

Na mimi msichana wa Mombasa nikasema "vyetu". Kwa hesabu ipi?

Siwa ina wenyewe

Hapa ndipo nilipokwama wiki tatu na ndio sababu blogu ilikuwa kimya, walioniuliza kama naumwa asanteni.

Nilikuwa nimeanza kuandika aya nzuri sana kuhusu sisi. Kwamba na sisi Waswahili tunazo, si Benin tu. Kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama anafika Malindi, mwandishi wake anaeleza mfalme amekaa kwenye viti vya shaba vya mito, chini ya mwavuli wa satini nyekundu, na pembeni siwa mbili, yaani baragumu, za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu, zinapigwa kwa tundu la ubavuni. Kwamba makumbusho ya Lamu zipo siwa mbili mpaka leo, ya Pate ya pembe inazidi mita 2, na ya Lamu yenyewe ni ya shaba, imesubiwa kwa nta kama kazi ya Benin, na nakshi mwili mzima. Nilikuwa hata nimechagua picha.

Alafu mama, nilikuwa namsomea jikoni, akasema, "Nyanya yako angekucheka."

Nyanya alikulia bara, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, mashambani. Mama yake alizaliwa kabla ya 1907, mwaka ambao utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya, na sihitaji kusema zaidi ya hapo, watu wa pwani mtakuwa mmeshaelewa na wengine mtakuwa mmeshanikasirikia. Mama anasema nyanya alipokuwa mdogo waliwahi kuvuka kwenda mjini kuna harusi ya wakubwa, wao wakasimama nje kwenye kichochoro, siwa ikapigwa, na yeye akamuuliza mamake mbona kwenye harusi ya shangazi haikupigwa.

"Siwa ina wenyewe."

Ndilo alilojibiwa, na ndilo nyanya alilokuwa akilisema maisha yake yote, tukitaka kitu dukani, tukitaka kukaa mbele kwenye gari la watu. Siwa ina wenyewe. Mimi nilidhani ni msemo tu wa wazee.

Haikuwa inapigwa kwa kila mtu. Ilitoka kwa wafalme ikaja kwa waungwana, na mtu wa asili ya nyanya yangu angeweza kuipuliza labda kwa kuamriwa, kwa harusi ya mwingine. Hata ndani ya nyumba za wakubwa wenyewe ilikuwa ugomvi. Habari za Pate, masimulizi ya kale ya masultani wa huko, zinasimulia kisa cha Mwana Darini, mumewe kauliwa kwa amri ya sultani, naye anataka kumtahiri mwanawe kwa heshima zote, anaomba siwa, sultani ananyima. Bibi akamwita fundi, Mwenye Bayayi, akampa pembe na pesa, fundi akamchongea siwa mpya kwa siri. Nakipenda hicho kisa tangu shule. Safari hii nilivyokisoma nikaona kitu kingine: Mwana Darini alikuwa na pembe za ndovu ndani. Nyanya yangu hakuwa na pembe za ndovu ndani.

Nikafuta ile aya nzuri. Sikuweka nyingine.

Na hapo, cha ajabu, ndipo nilipowaelewa wale wa New York vizuri zaidi kuliko kwenye bangili. Kuna kitu kizuri, kina nakshi, kila mtu anakwambia hiki ni chako jivunie, na wewe unakumbuka kichochoro. Sasa utafanyaje? Kukivunja huwezi, na kweli ni kizuri. Mwezi uliopita nilipita Lamu kwa shughuli nyingine nikaingia makumbusho makusudi, nikasimama mbele ya ile ya shaba. Imetulia kwenye kioo chake. Nilitafuta mshono. Kijana mlinzi akanisogelea akauliza kama nimepoteza kitu.

Nta

Mjomba hakuwa na habari na mateso yangu yote haya. Yeye alikuwa amebaki na lile la kwanza, la mshono. Ijumaa moja naenda namkuta amenunua nta ya nyuki kilo nzima, ametengeneza tumba la udongo lililochanganywa na kinyesi cha punda kilichokauka, ukubwa wa ngumi, amelipaka nta juu yake na anaitia nakshi kwa mwiba wa mchungwa.

"Unafanya nini mjomba?"

"Kichwa."

"Cha nani?"

"Kichwa tu."

Nilikaa kwenye ndoo yangu nikatazama. Kila alichokitia kwenye nta ndicho kitakachotoka kwenye shaba, hata alama ya kidole chake kisicho na ukucha. Akabandika vijiti vya nta vya kupitishia, akapaka udongo laini kabisa kama uji, safu ya kwanza, ikakauka, safu ya pili, halafu udongo mzito. Siku tatu kivulini. Kisha motoni, nta ikatoka kwa tundu la chini inatiririka, ndani pakabaki uwazi wenye sura ya kitu ambacho hakipo tena. Ile hatua ilinishika sana. Kwa muda fulani kile kichwa hakipo popote, nta imekwenda na shaba haijaja.

Cha kwanza kilipasuka. Udongo ulikuwa na unyevu kidogo tu ndani, shaba ilivyoingia mvuke ukautupa, cheche zikafika mpaka kwenye mabati ya jirani, na jirani akaja na maneno yake. Alumini imemzoesha vibaya, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, brasi inataka mia tisa na kitu, na ikizidi moto inatoa moshi mweupe mzito unaokuumiza kifua usiku. Alikohoa siku mbili. Mke wake akanipigia simu kunilaumu mimi na simu yangu.

Cha pili kilitoka.

Alivunja udongo polepole kwa nyundo ndogo, kama mtu anayemenya yai. Upande mmoja shaba haikufika, shavu lina tundu la kupita kidole, lakini jicho moja lilikuwa limekaa, na shingoni shanga, mstari kwa mstari, ndogo, zimejipanga. Na hakuna mshono. Akakigeuza, akakigeuza tena. Akaniwekea mkononi kikiwa bado cha moto moto. Kizito kuliko kinavyoonekana.

Nikamuuliza, nusu utani, "Na hii shaba ilitoka wapi?"

Akanitolea daftari. Wallahi. Mifereji miwili, valvu moja ya geti, vipande vya rafadha ya boti bovu, tarehe, jina la aliyeleta, namba ya kitambulisho.

Nilipiga picha, nikaenda zangu. Wiki iliyopita nikarudi kukichukua kwa ajili ya makala hii, nilitaka nikipige picha vizuri kwenye mwanga, na ile ya mwanzo ilikuwa na kivuli. Nikakitafuta kwenye rafu, sikukiona.

"Nimekiyeyusha," akasema, bila hata kuinua uso, anapepeta mchanga wake. "Kuna mtu wa boti alitaka bushi ya shafti."